TIMU B SIO KABURI: Historia ya madogo walioachwa kikosi cha kwanza, kuanzia Mwadui mpaka Geita

Kuna karatasi moja imewaliza watu wengi sana kanda yetu hii ya almasi na dhahabu. Sio karatasi ya matokeo ya darasa la saba wala barua ya kusimamishwa kazi mgodini. Ni karatasi ya majina ya timu.

Wakati mwingine inabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Wakati mwingine kocha anaisoma tu akiwa kasimama katikati ya uwanja wa vumbi, filimbi shingoni. Majina ya juu ni kikosi cha kwanza. Chini yake kuna mstari. Chini ya mstari kuna majina mengine. Hao ndo Timu B.

Dogo akisikia jina lake chini ya mstari anainamisha kichwa, anaanza kufungua kamba za njumu taratibu. Jioni habari ikifika nyumbani, hapo ndo filamu inaanza. Kuna baba anayevaa ndala kumfuata kocha usiku usiku. Kuna mama anayesema "kuanzia kesho huendi tena huko, kaa usome." Kuna mjomba anayesema "ngoja, mwenyekiti wa timu ni mtu wangu." Na kuna yule anayetoa maneno mabaya kuliko yote: "Nilijua tu, we mpira huuwezi."

Wadau, filamu hii haijaanza jana. Ina historia ndefu, na ukiifuatilia unagundua kitu: mara nyingi mtoto hakuwekwa Timu B kwa sababu hajui mpira. Kuna mambo mengine kabisa yalichora ule mstari. Twende nayo taratibu.

ALMASI NDO ILIYOLETA JEZI

Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Pale porini ukaota mji wenye uzio, nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali na viwanja vya michezo. Williamson alifariki mwaka 1958 na mgodi ukaenda kwa De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika ya wakati ule, lakini mji ulibaki, na mpira ulibaki.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu timu za kampuni na mashirika ya enzi zile. Ukiwa mchezaji mzuri unapewa kazi. Kazi inaleta mshahara, na mshahara unaleta nyumba ya kampuni. Kwahiyo kucheza kikosi cha kwanza haikuwa suala la sifa tu, ilikuwa ajira. Na aliyeachwa kikosi cha pili alikuwa kaachwa nusu mlangoni.

Hii ndo mizizi ya ile hasira ya wazee wetu. Mzee wa Kishapu au Maganzo aliyekulia pembeni ya uzio wa mgodi hakuona "timu ya watoto". Aliona foleni ya kazi. Mwanae akisogezwa nyuma kwenye foleni, na yeye anajisikia kasogezwa. Hasira ile ilikuwa na maana yake wakati ule. Tatizo ni kwamba imerithiwa na wababa wa leo, wakati ile ajira ya mgodini kupitia mpira haipo tena kama ilivyokuwa.

KOMBAINI: HESABU AMBAYO HAKUNA ANAYEMWAMBIA MZAZI

Nje ya migodi, mlango mkubwa wa mtoto wa kawaida ulikuwa shule. UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari. Utaratibu unaujua: shule inatoa timu, kata inachagua, wilaya inachagua, mkoa unatengeneza kombaini, halafu safari ya taifa. Miaka ya karibuni wameenda Mwanza, Mtwara, Tabora.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Chukua wilaya yenye kata 20, kila kata ilete watoto 15 kwenye mchujo. Hao ni 300. Wilaya inataka 20 tu. Watoto 280 wanarudi nyumbani. Na hao 280 sio wabovu, ndo walikuwa bora kwenye kata zao! Halafu wilaya nazo zinakutana mkoani, wanachujwa tena.

Ndo maana neno "katemwa" linasikika sana mitaa ya Kambarage na Ngokolo. Kutemwa ndo kawaida. Kuchaguliwa ndo ajabu. Lakini mzazi haambiwi hesabu hii, anaambiwa tu "mwanao hayupo."

Kuna kipindi hata huo mchujo wenyewe haukuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano haya ya shule, hoja ikiwa watoto wasome kwanza. Yakarudi baadaye, awamu ya nne. Waliokuwa na miaka 12 au 14 kipindi kile hawakuwekwa Timu A wala Timu B. Hakukuwa na timu kabisa. Wakabaki na chandimu na ndondo za mtaani. Ukikutana na kaka wa miaka 30 na kitu anayelalamika kwamba kipaji chake kilipotea, usimcheke haraka.

Na kuna hii nyingine tamu zaidi. Kabla ya mwaka 2012, mkoa wa Shinyanga ulikuwa mkubwa balaa. Bariadi, Maswa, Meatu, Bukombe, zote ndani. Geita yenyewe ilikuwa Mwanza, Chato ilikuwa Kagera. Mwaka 2012 ikazaliwa mikoa mipya, Geita na Simiyu. Bukombe ikahamia Geita.

Maana yake nini kwenye mpira? Dogo wa Bukombe ambaye angebanana na wenzake wa Kahama, Bariadi na Shinyanga mjini kugombea nafasi moja, sasa anagombea na kina Chato na Nyang'hwale. Miguu ile ile, mpira ule ule, uwanja ule ule. Kilichobadilika ni mstari kwenye ramani, na mstari huo umemtoa Timu B ukamweka Timu A. Au kinyume chake.

Kwahiyo baba, kabla hujamwambia mtoto "huwezi", jiulize kwanza alikuwa anagombea na nani.

VIJEBA: WALE WANAOKALIA KITI CHA MTOTO WAKO

Tuongee ukweli ambao viwanjani unaongelewa kwa kunong'ona. Vijeba.

Kijeba ni yule "mtoto wa miaka 15" mwenye ndevu za kunyoa. Kila mtu uwanjani anajua, refa anajua, kocha anajua, lakini cheti kinasema 15. Akicheza timu yake inashinda, na kocha anayetaka kubaki kazini anampanga. Na kila kijeba mmoja akiingia kikosi cha kwanza, mtoto mmoja mwenye umri wa kweli anasogezwa Timu B.

Nchi yetu imeshalipa kwa hili. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya chini ya miaka 17, ilifuzu fainali za Afrika zilizofanyika Gambia. Ikaondolewa kwa sababu ya udanganyifu wa umri. Mchezaji mmoja tu, ndoto ya kikosi kizima ikaondoka. Wale wenzake waliokuwa na umri halali hawakupata tena nafasi ile, kwa sababu umri haurudi nyuma.

Halafu gurudumu likageuka. Kwenye mechi za kufuzu fainali za mwaka 2017, Serengeti Boys walitolewa na Congo Brazzaville. Walishinda 3-2 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 kule, wakatoka kwa bao la ugenini. Yaani wakabaki nje, Timu B ya Afrika. Lakini Tanzania ilikuwa imemtilia shaka mchezaji mmoja wa Congo kuhusu umri, na Congo wakashindwa kumpeleka kwenye kipimo. CAF ikawaondoa. Madogo wetu wakaenda Gabon, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola, wakapoteza kwa Niger.

Kipimo chenyewe ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Mifupa ya mtoto ina nafasi ambazo zinaziba kadiri anavyokua. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la U17 mwaka 2009. Cheti kinaweza kudanganya, mfupa haudanganyi.

Sasa angalia mtego wa mzazi. Mtoto kawekwa Timu B, anatokea mtu mjanja pale stendi anamwambia baba: "Mzee, dogo yuko poa ila umri umeenda. Mpunguzie miaka miwili, mimi nafahamu mtu wa vyeti." Inaonekana kama msaada. Lakini mtoto huyo akifika mbali, atakutana na mashine. Na akikamatwa haanguki yeye tu, anawaangusha na wenzake. Halafu fikiria umemfundisha nini: kwamba ukiachwa, dawa ni uongo.

JANUARI NA DESEMBA, MAMBO YA KANADA

Kuna siri nyingine kwenye ule mstari, na hii haihusu uongo wowote.

Kule Kanada mchezo wa taifa ni hoki ya barafu. (Sio ile ya nyasi ambayo Tanzania tuliwahi kuicheza Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.) Watoto wa Kanada wanapangwa kwenye madaraja tangu wadogo kabisa, kuna timu za juu na timu za chini, na wazazi wa kule wanagombana na makocha kuliko hata wa Katoro. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walitoa utafiti ulioshtua watu. Waliangalia tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa hoki wa ngazi za juu. Wengi walikuwa wamezaliwa Januari, Februari na Machi. Wa Oktoba, Novemba na Desemba walikuwa wachache mno.

Nyota za unajimu? Hapana. Mwaka wa mchujo unaanza tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wanawekwa kundi moja, wakati mmoja kamzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Ukiwa na miaka 9, mwaka mmoja ni mkubwa sana. Wa Januari ana nguvu zaidi, mrefu zaidi. Kocha anaona "kipaji". Anampeleka timu ya juu, anapata mazoezi mengi, mechi nyingi, kocha bora. Wa Desemba anapelekwa timu ya chini, anapata kidogo. Baada ya miaka 5 yule wa Januari kweli anakuwa bora. Sio kwa sababu alizaliwa bora. Ni kwa sababu alipewa zaidi.

Mpira wa vijana nao unahesabu hivyo hivyo, kuanzia Januari. Sasa ongeza vijeba kwenye hiyo supu uone dogo wa Desemba anabaki wapi.

Halafu jiulize nahodha wetu aliyefunga Wembley fainali ya Carabao dhidi ya Manchester City, tarehe 1 Machi 2020, kazaliwa mwezi gani. Mbwana Samatta ni wa Desemba 1992. Wiki moja na siku kadhaa tu mbele, angekuwa mtoto wa mwaka mwingine.

Kwahiyo swali la kwanza la mzazi mwerevu sio "kwanini umemwacha mwanangu?" Ni "mwanangu ana umri gani ukimlinganisha na hao wenzake?" Wakati mwingine jibu ni kusubiri tu mwili ufike.

JORDAN HAKUFUKUZWA

Kuna stori moja inazunguka sana kwenye video za motivesheni: "Michael Jordan alifukuzwa timu ya shule." Wadau, hiyo imepikwa kidogo.

Mwaka 1978, shule ya sekondari Laney kule Wilmington, North Carolina, Jordan alikuwa na miaka 15. Kikosi cha juu cha shule kilikuwa na wakubwa wenye uzoefu kwenye nafasi yake. Kocha alihitaji urefu, akamchukua rafiki yake Jordan, Leroy Smith, aliyekuwa na kama mita 2. Jordan, ambaye hakufika hata mita 1.80, akapelekwa kikosi cha pili.

Ona tofauti. Hakufukuzwa, aliwekwa Timu B. Na kule Timu B hakukaa benchi kikosi cha wakubwa akishika chupa za maji. Alicheza kila mechi, akawa ndo mchezaji wa kutegemewa, na mwili ukarefuka. Mwaka uliofuata akapanda.

Hiyo stori ya kweli ni nzuri kuliko ile ya uongo, kwa sababu inamfundisha mzazi kitu cha kufanyia kazi. Dakika. Mtoto anakua kwa kucheza. Jezi ya kikosi cha kwanza ambayo haichafuki haina faida kwa dogo wa miaka 13. Bora Timu B dakika 60 kila Jumamosi kuliko Timu A kukaa benchi mpaka kipenga cha mwisho.

SIKU MJI MZIMA ULIPOWEKWA TIMU B

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu somo kubwa kuliko yote lipo hapa hapa kwenye lami ya Geita.

Mgodi mkubwa wa Geita, GGM, ulianza mwaka 2000. Kule Shinyanga, Stand United, chama la wana, timu iliyotokea kwa watu wa stendi ya mabasi, ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15. Mwaka 2015 Mwadui nao wakapanda chini ya kocha Jamhuri Kihwelo "Julio". Misimu 4 mfululizo mkoa wa Shinyanga ulikuwa na timu mbili Ligi Kuu. Geita wakawa wanaangalia kwa jirani tu.

Wakataka kupanda haraka. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya kundi lao Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold walishinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa. Siku hiyo hiyo wapinzani wao Polisi Tabora walishinda 7-0 dhidi ya JKT Oljoro. Magoli 15 kwa mechi mbili za kugombea kupanda! Nchi nzima ikasema hapana. Kesi ya kupanga matokeo ikaenda kamati za TFF, timu zote nne zikashushwa. Mbao ya Mwanza, iliyokuwa nyuma yao, ndo ikapanda.

Hapo mji mzima ulisomewa jina chini ya mstari. Na tofauti na dogo wa Desemba, safari hii mji ulijitakia wenyewe, kwa kutafuta njia ya mkato.

Wakafanyaje? Wakaanza upya huko chini. Miaka 5. Viwanja vya mbali, mabasi ya usiku, mechi ambazo hazionyeshwi kwenye TV. Mwaka 2021 wakapanda Ligi Kuu pamoja na Mbeya Kwanza. Na ni mwaka ule ule Mwadui waliposhuka. Almasi ikashuka, dhahabu ikapanda.

Msimu wao wa kwanza, 2021/22, wakamaliza nafasi ya 4. Mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa magoli 17, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga kwa goli moja. Geita ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan. Msimu wa 2023/24 wakashuka tena.

Umeona? Timu hizo hizo, Stand, Mwadui, Geita, zote zimepanda na zote zimeshuka. Hakuna aliyesema mji wa Geita "hauna kipaji". Watu wanasema "tutarudi". Kwanini basi mtoto wa miaka 12 akishuka mara moja tu tunamfungia jalada?

NA MABINTI JE?

Haraka haraka hapa, kwa sababu wengi tunajisahau. Mtoto wa kiume akikosa Timu A, anaenda Timu B. Binti wa Msalala au Mbogwe anayependa soka, mara nyingi hakuna A wala B, anaambiwa akacheze netiboli. Sio kwamba netiboli ni mbaya, ila hakuichagua.

Halafu ni mabinti hao hao waliotuvusha. Mwaka 2022 Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la U17 kule India, timu ya kwanza ya Tanzania kufika Kombe la Dunia la FIFA la soka la uwanjani. Mechi ya kwanza walipigwa 4-0 na Japani. Kuna watu wangevunja timu siku ile. Wenyewe wakaamka, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Baba mwenye binti anayepiga danadana uani, fikiria hilo.

KINACHOSUBIRI NJE YA UWANJA

Kwanini haya yote ni muhimu kuliko stori za Simba na Yanga? Kwa sababu ya kinachomsubiri dogo akitoka uwanjani na hasira.

Masaki anayeacha mpira anaenda kucheza gemu. Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola, anayeacha mpira ana duara mita chache kutoka nyumbani. Kuna karasha zinasaga mawe, kuna mialo ya kuoshea, kuna zebaki mikononi bila glovu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu Tanzania, na maeneo waliyofika ni pamoja na Geita na Kahama. Walikuta watoto wadogo hata wa miaka 8 wakifanya kazi.

Duara halina mchujo. Halikuulizi umezaliwa Januari au Desemba, halijali kama ni kijeba. Linampokea kila mtu, na siku hiyo hiyo linampa elfu mbili mkononi. Kwa dogo aliyetoka kuaibishwa mbele ya wenzake, hiyo elfu mbili inaonekana kama heshima.

Sasa ile Timu B unayoidharau ina kazi ambayo mzazi haioni. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 10 jioni, dogo ana mahali pa kuwa. Ana mtu mzima anayemwita jina lake. Ana sababu ya kwenda shule, kwa sababu mwalimu wa michezo ndo huyo huyo wa hesabu. Ukimtoa Timu B kwa hasira zako za foleni ya kazi ya mwaka 1975, hujamtoa kwenye "timu mbovu". Umemtoa kwenye uzio wake.

WALIOVUKA WALIFANYAJE?

Ukiangalia historia yote hii, kuna vitu vinajirudia.

1. Maneno ya kwanza ya usiku ule. Dogo akirudi kichwa chini, asikutane na hotuba. "Pole baba, njoo tule" inatosha. Kesho yake ndo mnaongea. Mtoto atasahau matokeo ya mechi, maneno ya baba yake siku ile hasahau.

2. Kocha anafuatwa kwa adabu, na peke yake. Sio mbele ya watoto, sio siku ya mechi. "Kocha, habari za kazi. Mwanangu aongeze nini ili asogee?" Hapo kocha anakupa jibu la kufanyia kazi: mguu wa kushoto, pumzi, kuwahi mazoezi. Ukianza na "kwanini umemwonea mwanangu", unapata jibu la kujitetea tu. Na bahasha usiiguse. Nafasi iliyonunuliwa, akija mwenye bahasha nene anaichukua.

3. Cheti hakiguswi. Kumbuka 2005.

4. Hesabu dakika, sio jina la timu. Kama Timu B anacheza, mwache acheze. Kama kote hachezi, msimu mzima, hapo sasa tafuta timu nyingine ya mtaa kwa amani, sio kwa kisasi.

5. Shule inabaki. Kumbuka ile hesabu ya 300 na 20. Hata aliyefika Ligi Kuu anaweza kushuka na timu yake. Madaftari hayashuki daraja.

6. Mwache na yeye aseme. Wazazi wengi hawajawahi kumuuliza dogo mwenyewe swali hili: "We unataka kuendelea?" Kuna watoto wanafurahi Timu B na wenzao, anayelia ni baba. Na kuna wengine hawapendi mpira kabisa, walikuwa wanambebea mzee ndoto yake aliyoiacha pale Kambarage.

Mstari kwenye ile karatasi umechorwa na mambo mengi. Umechorwa na mwezi wa kuzaliwa, na mpaka wa mkoa, na kijeba wa shule ya jirani, na kocha anayeogopa kupoteza kazi. Kipaji nacho kimo, hatukatai, lakini hakipo peke yake. Na karatasi yenyewe imeandikwa kwa kalamu, mwezi ujao inaandikwa nyingine.

Haya mdau, zamu yako. Ulishawahi kusomwa chini ya mstari? Nyumbani walikwambia nini usiku ule? Dondosha hapo chini, ila majina ya makocha tusitaje, tuheshimiane.